Fimbo Moja, Nyumba Sita

Sukari hakuwa amemaliza chai yake kibandani aliposikia kilio kilichomfurahisha. Kilitoka uani kwa Mama Dobi, mfuaji wa mtaa, kikafuatwa na maneno: "Imeniuma tena hii mashine!"

Mtu mwingine angesikia maumivu. Sukari alisikia riziki.

Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu maneno yake yaliyeyuka kabla hujayatafuna. Alikuwa fundi umeme wa kujitangaza, na wiki ile aliuza kitu kimoja tu: ethi. Umeme ukivuja, aliwaambia watu, hutafuta njia ya kwenda ardhini. Usipoupa waya, utapita kwako. Hapo, tumtendee haki, hakusema uongo. Uongo ulianzia kwenye fimbo. Fimbo ya shaba ya ethi ni ndefu kumpita mtu, nayo hugongwa ardhini yote, kikabaki kichwa tu. Sukari alijiuliza: kama watu huona kichwa peke yake, mwili wa nini? Akaikata fimbo moja vipande sita. Vitatu tayari vilikuwa na kazi: kimoja kwa kinyozi, kimoja kwa mwalimu, na cha tatu alikuwa nacho mkononi akibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Kilio, mama. Mimi na daktari tunaitwa namna moja."

Mkwe wa Mama Dobi, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa akijisugua kiwiko. "Juzi ilinitekenya tu," alisema. "Leo nimeisikia mpaka tumboni."

Mama Dobi alilitazama lile tumbo, kisha akamtazama fundi. "Unaweza kuiponya?"

"Kabla birika halijachemka."

Mama hakubishana hata bei, jambo ambalo lingemtia shaka mtu mwangalifu. Sukari alitundika koti lake kwenye kamba ya nguo, akachuchumaa nje ya ukuta wenye sanduku la meni swichi, mgongo akiwapa wanawake. Akagonga mara nne. Akafunga waya wa kijani na njano, akajifuta jasho ambalo halikuwepo.

"Tayari? Kwa dada yangu fundi aligonga asubuhi nzima."

"Mama, wapo wanaogonga, na wapo wanaojua kugonga."

Mama Dobi akacheka sana, akamkalisha, akamnywesha chai, akamwongeza ya pili na ya tatu. Mkwe alitoka, akarudi. Kinyozi na mwalimu wakaingia kuchukua nguo zao, wakamsalimu fundi wao kwa heshima. Sukari alijaa kama mkate kwenye tanuri, hadi alipotupa jicho kwenye kamba.

"Mama, koti langu?"

"Lipo mashineni, baba. Fundi wangu atoke kwangu mchafu? Kalitoe. Ila viatu acha mlangoni, sakafu yangu haikanyagwi na viatu."

Sukari aliitazama sakafu. Imelowa. Akautazama mlango wa mashine. Chuma kitupu. Na humo ndani, mfukoni, mlikuwa na mapato ya wiki nzima.

"Mama, ethi mpya huachwa kwanza ipumzike."

"Imefanya kazi gani hata ichoke?"

Kinyozi akaguna.

"Basi tuzime meni swichi, ili..."

"Ukizima tutajuaje kama umeponya? Kwangu mpishi ndiye huonja kwanza. Au nimwambie mkwe wangu akutolee?"

Mkwe akavua kandambili, akaweka mguu kwenye maji, akanyoosha mkono.

"Asishike!"

Neno hilo lilimtoka Sukari kabla hajalitia sukari.

"Kwa nini asishike?" aliuliza mwalimu, taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu alichokiacha nyumbani.

"Fimbo ni... fupi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Sukari alionyesha kwa mikono. Mikono haikuachana sana.

"Na ya kwangu?" aliuliza kinyozi. Ile mikono haikusogea.

Hakuna aliyempiga. Mama Dobi alinyoosha kidole pembeni ya tangi la maji, ambako fimbo tatu za shaba, nzima, ndefu kumpita mtu, zilikuwa zimeegemea ukuta kando ya nyundo nzito.

Ardhi ya uani ilikuwa ngumu kama moyo wa mwenye nyumba. Sukari aligonga, mkwe akamwagia maji udongo ulainike, kinyozi akapima kila urefu uliozama. Waya mnene ukabanwa sawasawa kwenye kichwa cha fimbo, ukaenda hadi ndani ya sanduku, ukakazwa. Kisha kwa kinyozi. Kisha kwa mwalimu, ambaye aliomba arudie kukaza. Aliporejea kwa Mama Dobi alasiri, viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na kwa mara ya kwanza jasho lake lilikuwa la kweli.

Alivua viatu mwenyewe. Akakanyaga maji, akafumba jicho moja, akashika mlango wa mashine. Kimya. Akaweka na mkono wa pili.

"Mnaona?" alisema, na sauti ikamtetemeka kwa fahari ambayo hata yeye ilimshangaza. "Hainiumi! Hiyo ndiyo kazi!"

Mkwe alijishika tumbo kwa kicheko. Akainama nyuma ya mashine, akainua plagi. Ilikuwa ikining'inia, haikuchomekwa popote.

Sukari alilivuta koti lake. Lilikuwa kavu, chafu kama alivyolitundika. Mfuko mmoja ulikuwa na vipande vitatu vya shaba vyenye alama za msumeno. Mfuko wa pili, ule wa mapato ya wiki, ulikuwa na risiti ya duka la vifaa: fimbo tatu, nyundo moja.

"Dobi hafui koti kabla ya kupekua mifuko, mwanangu," alisema Mama Dobi, akichomeka plagi na kumsogezea testa aipime mashine upya, safari hii ikiwa na umeme. Taa ya testa haikuwaka; umeme haukuvuja tena.

"Lakini mama, ulisema umeshalifua!"

"Nilisema lipo mashineni. Na mashine haikuwa na ethi. Ningethubutuje kuiwasha?"