Ofisi ya Kukanusha Uvumi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tena. Nimetoka shule nimelowa chapachapa, nikapitia kwa Shangazi kujikausha. Shangazi ni dobi. Chumba chake cha nyuma ndicho chenye joto kuliko vyote mtaani, kwa sababu ya mashine.

Maelezo kwa vizazi vijavyo: mashine hiyo inachimba sarafu za mtandaoni. Haigusi udongo. Inapiga hesabu kutwa kucha, na kila baada ya muda inalipwa chembe ya sarafu. Inanguruma kama feni iliyokasirika na inatoa joto kama jiko. Shangazi ametundika kamba juu yake. Suruali zinakauka, sarafu zinadondoka. Sijawahi kuona mpango safi kama huo.

Leo mashine ilikuwa imezimwa. Chumba baridi. Sare za walinzi zinachuruzika maji. Shangazi alisema Profesa ndiye aliyemwambia azime.

Profesa ni kinyozi wa mlango wa pili. Sijui nani alimpa cheo. Anasimamia kundi la simu la Wachimbaji wa Mtaa, ambamo mwenye mashine ni Shangazi peke yake. Wengine wanabonyeza kitufe kwenye simu kila asubuhi na kujiita wachimbaji. Leo Profesa alituma ujumbe wa sauti, mashine ya kunyolea ikivuma nyuma yake. Eti kuna mwanya umegunduliwa: ukizima saa sita mchana na kuwasha jioni, unachimba maradufu. Kaambiwa na mtu ambaye shemeji yake yuko ndani. Ndani ya nini, hakusema.

Nilimwambia Shangazi ni uongo. Yaani, nilikusudia kumwambia. Kilichotoka ni "nadhani" tu, halafu mteja akaingia nikajificha nyuma ya shuka.

Jambo lenyewe si dogo. Sarafu za miaka miwili za Shangazi zimo kwenye pochi ya simu, na ndizo atakazokodia chumba cha pili na kununulia mashine ya kukaushia ya kweli. Pochi inafunguka kwa maneno kumi na mawili ya siri. Atakayeyapata anabeba kila kitu, na hakuna polisi wa kumrudisha. Shangazi ameyakariri kwa wimbo. Huyaimba akipiga pasi. Nimemwomba ayaimbe kimoyomoyo.

Leo amezima mashine kwa neno la Profesa. Kesho ataambiwa nini?

Nimeamua. Nitaumaliza uvumi katika kundi lile.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika makala. "Madai ya Mwanya wa Adhuhuri: Uchunguzi katika Sehemu Saba." Sehemu ya kwanza ni historia ya kuhesabu. Ya sita inahusu maneno ya siri na kwa nini hapewi mtu yeyote, hata malaika akiyaomba kwa maandishi. Tanbihi ziko mwishoni.

Dada yangu aliitazama simu kupitia begani kwangu. Akasukuma maandishi kwa kidole mpaka kidole kikachoka. Akauliza mwisho uko upande gani.

Nimetuma kundini saa kumi. Profesa aliweka alama ya dole gumba papo hapo. Hakuna binadamu anayesoma kwa kasi hiyo. Muuza mkaa aliuliza kama kuna msiba. Fundi viatu akajitoa kwenye kundi, kisha akarudi na kusema simu yake ilikwama.

Shangazi hakujibu kitu.

Dada anasema tatizo si ukweli wangu, tatizo ni urefu wake. Anasema nikamwone Profesa ana kwa ana, dakika mbili, yaishe.

Rahisi kusema. Yeye haoni aibu hata kuomba chumvi kwa majirani.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Nilikuwa nimeandika hoja zangu kwenye kiganja kwa kalamu ya bluu, kwa ufupi, hoja tano tu.

Nilimwamkia Profesa. Akaitika marahaba na kupigapiga kiti kwa taulo. Nikakaa, kwa adabu. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshanifunga kitambaa shingoni. Mikono yangu ikabaki chini ya kitambaa. Hoja zangu zikabaki chini ya kitambaa.

Ningemwambiaje kwamba sikuja kunyolewa? Mashine ilikuwa tayari inapanda kisogoni.

Alizungumza muda wote. Wezi wa sarafu siku hizi hupitia kwenye chaja. Ukiizungushia simu karatasi ya fedha ile ya kufungia chakula, hawakuoni. Kuna mtu alichimba sarafu nzima kwa kulalia simu. Nilitikisa kichwa kupinga, akanishika kidevu na kuniambia nitulie asije akanikata sikio.

Nimetoka na kipara na uvumi mpya wa aina tatu. Profesa amekataa malipo, eti wanafunzi ni taifa la kesho. Ni mtu mwema. Hilo ndilo linalonimaliza.

Dada aliponiona aliuliza nimegombana na nani.

Mashine ya Shangazi bado inazimwa kila adhuhuri. Sare za walinzi zimeanza kunuka uvundo.

Alhamisi, 6 Machi

Ugunduzi mkubwa! Nilikuwa maktaba ya shule, nikiulinganisha uvumi wote wa Profesa, mmoja baada ya mwingine. Nimegundua yafuatayo. Uvumi ni mfupi. Uvumi una herufi kubwa. Uvumi una haraka, na daima unatoka kwa wakubwa fulani. Ukweli wangu ulikuja bila hata kofia.

Basi nitauvisha kofia.

Nimefungua akaunti mpya kwenye simu ya zamani ya nyumbani. Jina: Ofisi ya Kukanusha Uvumi. Nembo: tai ameshika kioo cha kukuzia. Tai nimemchora mwenyewe. Dada kapita, akauliza yule kuku anatafuta nini.

Kisha tangazo:

OFISI YA KUKANUSHA UVUMI INATHIBITISHA: MWANYA WA ADHUHURI NI UONGO. WASHA MASHINE YAKO. TUMA KWA WATU KUMI KABLA YA JIONI, LA SIVYO...

Sikusema la sivyo nini. Niliweka nukta tatu tu. Nukta tatu zimefanya kazi iliyozishinda tanbihi ishirini. Kabla ya chakula cha jioni tangazo lilinirudia kutoka kwa watu wanne, mmoja wao simjui.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi. Mashine inanguruma tangu asubuhi. Chumba cha nyuma kina joto, sare zimekauka, na Shangazi anaimba. Kimoyomoyo.

Profesa ametuma ujumbe wa sauti kwa kundi zima. Anasema Ofisi hii ni watu wazito, anawafahamu, amewahi kukaa nao meza moja. Anasema yeye alikuwa na mashaka na ule mwanya tangu mwanzo.

Darasani, mwalimu wa hesabu ametusomea tangazo langu na kusema huu ndio mfano wa maandishi yaliyonyooka. Wiki iliyopita alinipunguzia alama kwa kurefusha insha. Nimetazama dirishani kwa unyenyekevu. Kichwa kimevimba, na bila nywele nadhani kinaonekana.

Jioni nimetoa matangazo mengine mawili, la chaja na la karatasi ya fedha. Sikueleza sababu. Watu hawataki sababu, wanataka Ofisi.

Nina furaha sana. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana, nikiwa nimelala na kitabu usoni, simu imelia. Ni tangazo kutoka Ofisi ya Kukanusha Uvumi.

Mimi sikuwa nimetuma kitu.

OFISI YA KUKANUSHA UVUMI INATHIBITISHA: WEZI WAMEINGIA KWENYE MASHINE NA SIMU ZOTE ZA KUCHIMBA. TUMA MANENO YAKO KUMI NA MAWILI KWA NAMBA HII YAHAKIKIWE KABLA YA JIONI, LA SIVYO...

Nukta tatu. Nukta tatu zangu!

Nikaandika kundini kwa jina langu kwamba hili ni la kughushi, maneno hayatumwi popote. Profesa akanijibu kwa upole: mwanangu, usibishane na Ofisi. Nikaandika kwamba Ofisi ni mimi. Skrini ikajaa vicheko vya manjano. Profesa akaeleza kwamba watu wa Ofisi ni watu wazima wenye tai shingoni, yeye ni shahidi.

Nikaingia kwenye akaunti yenyewe ya Ofisi na kukanusha. Muuza mkaa akanishtaki papo hapo kuwa ni tapeli, eti nembo yangu ni bandia: tai wa Ofisi halisi ana mdomo uliopinda. Nikaangalia. Kweli. Mwizi alikuwa amemrekebisha tai.

Nikampigia Shangazi. Hapokei. Chumba kile mashine ikiwaka husikii hata ngurumo ya radi.

Nilikimbia kwenye mvua na kandambili, moja imebaki barabarani. Duka lilikuwa limejaa wateja. Shangazi alikuwa amesimama mezani, pasi pembeni, simu mkononi, kidole kikiwa juu ya skrini.

"Shangazi, usitume!"

Nadhani ndiyo sentensi ya kwanza niliyowahi kuitamka mbele ya wageni bila kuanza na nadhani.

Shangazi alinitazama kuanzia kipara mpaka mguu usio na kandambili.

"Nilikuwa nimeshaandika matatu," alisema. "Halafu nikajiuliza, si huyu mtoto wa kaka yangu ameandika risala nzima kuhusu haya mambo, na mimi sijaimaliza? Nikayafuta. Nikasema nimalize kwanza kusoma, hao wa Ofisi watasubiri."

Nikamuuliza kama kweli alikuwa anaisoma.

"Kila nikisubiri pasi ipate moto. Nimefika sehemu ya tano. Zile hesabu zimeniacha hoi, mwanangu, lakini nasoma. Unaandika kama mtu anayeogopa mwenzake asije akaungua."

Nikajifanya napangusa maji usoni.

Akaniambia macho yamemchoka, nimsomee sehemu ya sita. Hapo hapo. Mbele ya wateja. Nikasoma. Mwanzo sauti haikutoka, baadaye ikatoka, na nilipofika kwa malaika anayeomba kwa maandishi mama mmoja mwenye mapazia alicheka vizuri, si kwa kunicheka. Hakuna aliyeniuliza mwisho uko upande gani.

Nilipomaliza, Profesa alikuwa mlangoni, taulo begani. Sijui alifika saa ngapi. Aliuliza kwa sauti ya chini itakuwaje kwa mtu, tuseme rafiki yake, ambaye ameshatuma. Tukafungua simu ya rafiki yake, ambayo ilikuwa simu ya Profesa. Pochi tupu. Lakini sarafu za kitufe hazijawahi kununua hata kiberiti, kwa hiyo mwizi kabeba mfuko wa hewa. Profesa alitafakari, kisha akatutangazia kwamba ulikuwa mtego na mwizi ameingia mwenyewe.

Shangazi alingoja wateja wapungue ndipo akaniuliza kuhusu Ofisi. Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Aliniwekea kiti karibu na mashine, akanipa chai, akasema kitu kimoja tu: niivunje Ofisi hiyo, kabla haijamvunja mtu. Nikaahidi kwa moyo mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imekatika. Nyumba ina amani. Shangazi amemaliza sehemu ya saba na kuniuliza kama kuna ya nane. Sina la kulalamika duniani.

Nimetimiza ahadi. Ofisi imevunjwa rasmi leo asubuhi.

Ila ofisi haivunjwi kimyakimya, watu watajuaje? Nilifikiria kuandika makala ya kueleza kisa kizima, lakini ingechukua wiki, na wakati huo mwizi hajalala. Kwa hiyo nimetoa tangazo moja la mwisho kabisa:

OFISI YA KUKANUSHA UVUMI INATHIBITISHA: USIAMINI TANGAZO LOLOTE LENYE JINA LA OFISI YA KUKANUSHA UVUMI. TUMA KWA WATU KUMI KABLA YA JIONI, LA SIVYO...

Safari hii nimetumia tai wa mwizi, maana kusema kweli amechorwa vizuri zaidi.

Profesa ameshalituma kwa watu arobaini. Anasema aliombwa ushauri lilipokuwa linaandikwa. Nimelisoma tena na tena, na sioni litakavyoweza kwenda kombo.