Kidonge cha Shavuni

Methadoni, dawa ya kuachisha unga wa kulevya, ilimrudishia Chombeza akili, naye akaipeleka kulekule kwenye utapeli. Unga ulikuwa umemla mpaka aibu. Sasa kila asubuhi alikunywa kikombe chake kwenye dirisha la kliniki, shati limepigwa pasi, ulimi umenoleka.

Siku moja akamwona mfuga nguruwe, bwana mwenye tamaa ya fisi.

"Mzee wangu, nina vidonge vya kunenepesha. Nguruwe wako watashindwa kupita mlangoni."

"Niletee mimi tu," mfugaji alinong'ona. "Jirani asijue."

Vidonge vyenyewe vilikuwa dawa zake Chombeza za virusi vya Ukimwi. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikwisha kumzika kaka yao kwa ugonjwa huohuo.

"Meza, mdogo wangu," alimsihi. "Sina nguvu ya kuzika tena."

"Nameza, dada," akajibu mwongo yule bila kupepesa jicho.

Wiki hiyohiyo dawa zake zikahamishiwa dirishani, amezee mbele ya nesi. Chombeza hakutishika. Akasukuma kidonge shavuni, akanywa methadoni. Sheria ya dirisha ni kwamba ukishakunywa useme neno, nesi ajue umemeza.

"Asante," akasema, midomo imebana.

"Haya. Ila jana ulisema uliuza gari lisilo na injini. Mnunuzi alilifikishaje kwake?"

Tumhurumie, jamani. Mwizi unaweza kumfungia mlango, lakini mwenye kujisifu utamfungia nini?

"Kulikuwa na mteremko..." alianza. Kidonge kikaanza kuyeyuka, uchungu ukampanda, na utamu wa hadithi ulikuwa bado mbele. Akakimeza ili aimalize vizuri.

Kesho yake nesi alikuwa na swali jingine, na keshokutwa jingine. Kila siku Chombeza aliapa kunyamaza, na kila siku alimeza. Miezi sita mfugaji alisubiri vidonge vyake kwenye geti la kliniki akiambiwa, "Kesho, mzee wangu."

Siku ya majibu ya damu Chombeza alikwenda na dada yake. Nesi akasoma: virusi havionekani kwenye kipimo, aendelee vivyo hivyo. Dada akaangua kilio cha furaha palepale kwenye benchi.

Chombeza alishika kichwa. "Nimetapeliwa!"

"Na nani?" dada akauliza.

"Na huyu nesi! Kumbe aliniuliza maswali ili nimeze tu, hadithi zangu hata hakuzisikiliza!"

"Niliisikiliza ile ya nguruwe," nesi akasema. "Ulinisimulia mwenyewe, ukicheka. Ndipo nikaomba dawa zako zihamie hapa."

Dada akafuta machozi, akamshika nesi mikono yote miwili.

"Mungu akuzidishie utapeli, mwanangu."