Dada Oda na Vifungo vya Bibi Harusi

Wengine hushushwa cheo kazini. Mimi nilishushwa nyumbani kwetu: niliamka nikiwa dada mkubwa, kufikia mchana nikawa mjukuu! Tena mjukuu wa nani? Wa mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni mwenyewe huku akinilowesha. Na yote hayo kwa sababu ya vifungo!

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mkono wake, siwezi kusema uongo, ni wa baraka. Shida ni mdomo. Tangu anunue simu ya kioo kikubwa haingii tena dukani. Uzi, anaagiza. Sindano, anaagiza. Mtaa ukambatiza Dada Oda, naye akalipokea jina hilo kama nishani.

"Dukani ni kwa watu wa zamani!" alikuwa akitangaza mlangoni pake, kwa sauti ya kuvuka barabara. Na ng'ambo ya barabara pana duka la Mama Vifungo, mwanamke wa rika la mama yetu, anayeuza vifungo, zipu na lastiki tangu sisi tunavaa nepi. "Lile si duka, ni makumbusho! Vifungo vyake vimeshaota mvi!"

Mama Vifungo alisikia. Asingesikiaje? Hata viziwi walisikia.

Basi ikaja kazi ya gauni la harusi. Bibi harusi ni muuguzi, mpole ukimwona, ila mkono uliozoea kuchoma watu sindano si wa kuchezewa. Gauni jeupe, mgongoni safu ndefu ya vifungo vidogo vya lulu.

"Vinatoka ng'ambo," Dada Oda akamwapia. "Hakuna bibi harusi mwingine atakayekuwa navyo."

Hapo alisema kweli.

Kifurushi kilifika harusi ikiwa kesho yake. Dada Oda akakipasua kwa meno. Ndani mna karatasi, na ndani ya karatasi mna karatasi nyingine, na mwisho wa karatasi zote kikadondoka kifungo. Kimoja! Kipana kama biskuti!

"Vingine viko wapi?" nikauliza.

Akakung'uta bahasha. Akaichungulia kwa jicho moja. Akaichana. Kisha akafungua simu, akasoma upya alichoagiza, midomo ikaanza kumcheza. Ile arobaini aliyodhani ni idadi ya vifungo, kumbe ni milimita! Ndio upana wa kifungo chenyewe!

"Tutaweka hiki kimoja, katikati ya mgongo," akasema kwa sauti ndogo.

"Bibi harusi awe kama kifuniko cha sufuria?"

Akaketi sakafuni akalia. Na hapo huruma ikanishika kweli, maana mtaa wetu ulivyo, fundi akiharibu gauni moja la harusi haletewi tena hata pindo la suruali.

"Vuka barabara," nikamwambia. "Omba radhi, nunua vifungo, yaishe."

"Kwa Mama Vifungo? Bora nife!"

Hakufa. Alizeeka! Alijitanda shuka kuukuu mpaka puani, akavaa miwani ya jua ya mume wangu, akang'oa mpini wa ufagio akaufanya mkongojo. Gauni akalitia kwenye mfuko wa plastiki, apate kupimia vifungo kwa siri.

"Mimi bibi, wewe mjukuu wangu," akaniagiza. Kuagiza ndiyo kazi yake.

Tukavuka. Yeye anachechemea, mimi nabana mbavu.

"Shikamoo, bibi," akasema Mama Vifungo.

Jamani! Mama aliyetupakata sisi tukiwa wachanga, leo anamwamkia mtoto! Dada Oda akavuta shuka juu zaidi. Akiitikia, ni laana. Asipoitikia, amejulikana.

"Ma... marahaba," ikamtoka kama kikohozi. Nikawahi kusema bibi anatafuta vifungo vidogo vya lulu.

"Vifungo vya lulu ninavyo, bibi yangu. Afadhali umekuja mwenyewe. Hapo ng'ambo kuna fundi mmoja wanamwita Dada Oda. Unamjua?"

"Namsikiasikia."

"Wanasema ana kiburi."

Nikamkanyaga mguu.

"Kiburi mpaka kisiginoni," akajibu, machozi karibu yamtoke.

"Na mvivu!" nikadakia. "Na mchoyo! Tena ana tabia ya kukaanga mayai ya dada yake bila kuuliza!" Miwani ikanigeukia. Sikujali, nafasi kama ile haiji mara mbili.

Sasa, Mama Vifungo ana desturi yake. Hauzi kifungo kizani. "Taa za dukani zinadanganya," husema, na lazima nguo itolewe mlangoni, kifungo kiwekwe juu ya kitambaa, weupe kwa weupe, jua liamue. Dada Oda, aliyezoea kununua vitu akiwa amelala kitandani, hilo hakulijua. Kabla hajafungua mdomo, gauni lilishachomolewa mfukoni na kutandazwa juani, linang'aa kwa mtaa mzima.

Mlango wa pili ni saluni. Na nani alikuwa anatoka saluni wakati ule ule, kichwa kimejaa rola?

"Gauni langu!" bibi harusi akapiga yowe. "Yule kikongwe kaiba gauni langu! Mwizi!"

Ee bwana wee! Kikongwe aliyekuwa akichechemea akatimua mbio! Mkongojo huku, miwani kule, gauni kwapani! Muuguzi nyuma yake, rola zinadondoka njia nzima. Kinyozi akatoka na mashine inanguruma mkononi, na mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, naye akaunga msafara.

"Bibi ana mbio huyu!" watu wakashangilia. Haki ya Mungu nilitaka kumsaidia mdogo wangu, lakini kicheko kilishanikalisha chini.

Wakamdaka kwenye kona. Muuguzi akavuta shuka.

"Dada Oda?!"

"Nilikuwa... nalipigisha gauni upepo kidogo," akasema Dada Oda.

Muuguzi hakuuliza zaidi. Akamshika mkono, kama anayempeleka mtoto kuchanjwa, akamrudisha mpaka kwa Mama Vifungo, akamkalisha kwenye kigoda pale mlangoni na kumwekea gauni mapajani.

"Shona hapa hapa, nikuone. Mpaka kifungo cha mwisho!"

Mama Vifungo akaleta vifungo, uzi na sindano. Dada Oda akainamisha kichwa, akashona. Na alishona vizuri, haki yake nimpe. Jua linamchoma, mtaa mzima umemzunguka, kinyozi anamhesabia vifungo kwa sauti.

Akapita mama mmoja aliyekuja kununua zipu, akashangaa.

"Heh, Mama Vifungo! Siku hizi umepata na fundi wa dukani?"

Mama Vifungo akamtazama Dada Oda kuanzia utosini hadi unyayoni, akashusha pumzi.

"Nimemwagiza mtandaoni," akasema. "Ila kwenye picha alionekana mkubwa kuliko hivi."