Rafu ya "Niwekee, Nakuja"

Jumatatu, 6 Mei
Nimetoka kwenye semina ya wafanyabiashara. Nusu siku, viti vya plastiki, sina hamu na kiuno changu. Mwalimu alisema duka hujengwa juu ya mambo matatu: mteja, utamaduni wa duka, na mshirika anayefaa. Nimeyaandika kwenye kadibodi na kuibandika juu ya maboksi ya zipu. Akasema pia mteja ni mfalme. Sawa. Lakini sikumsikia akisema mfalme asichunguzwe.

Mshirika ninaye: shemeji, mdogo wa mke wangu. Duka ni letu wawili. Tunawauzia mafundi cherehani vifungo, uzi, bitana na lastiki. Mimi nilileta chumba na mipango, yeye akaleta macho na wateja. Wanaingia wanauliza, "Shemeji yupo?" Shemeji yangu mimi! Wao wameoa nani kwetu?

Jumanne, 7 Mei
Uchunguzi umeanza. Nyuma ya kaunta kuna rafu ya shemeji, tunaiita ya "niwekee, nakuja". Mteja akichagua vifungo na hajawa tayari kuvichukua, shemeji huvifunga na kumwekea pale. Leo nimekuta vifurushi thelathini na kimoja. Havina majina! Kila kimoja kimebanwa kwa pini na kipande cha kitambaa. Chekundu. Cha maua. Cha mistari. Nikamuuliza vya nini. Akajibu bila kuinua macho kwamba vitambaa ni vya nguo za wateja, ili rangi za vifungo zisipotee.

Jibu limekuja haraka mno. Mtu mkweli hufikiri kwanza.

Jumatano, 8 Mei
Nimeelewa! Ng'ambo ya barabara yuko mshindani wetu, Miwani. (Huivaa kwenye paji la uso, macho huyaacha yajitegemee.) Ni yeye anayetuma watu waje wawekewe vifungo vyetu vizuri, wasirudi, sisi tubaki na makapi. Vitambaa ni alama za siri. Asubuhi amenipungia mkono. Amevaa shati la mistari. Na kifurushi cha mistari tunacho!

Nimemweleza mke wangu. Akasema hata yeye ana gauni la mistari, basi nimkamate. Nimelitafakari hilo.

Alhamisi, 9 Mei
Shemeji amekwenda kwa daktari wa meno. Bahati haiji na kengele. Nimefungua vifurushi vyote na kurudisha kila kifungo kwenye boksi lake, au boksi linalofanana nalo. Vitambaa nimefutia kaunta. Mgongo unauma, lakini roho nyeupe.

Ijumaa, 10 Mei
Roho si nyeupe tena.

Alikuja Fundi Magauni, ambaye mtaa mzima hauolewi bila yeye. Amefuata vifungo vya bibi harusi: arobaini, rangi moja, vilivyochaguliwa kwa macho kutoka maboksi manne. Harusi kesho kutwa. Shemeji akanyoosha mkono kwenye rafu bila kuangalia, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Mkono ukarudi mtupu. Akaniangalia. Mimi nikaangalia zipu.

Fundi Magauni hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba miaka sita analala usingizi kwa sababu vifungo vyake vimelala pale, kumbe pale pana panya mwenye kitambi. Shemeji akachukua mkasi wake na tepu yake ya kupimia, akasema duka libaki na mpelelezi wake, akavuka barabara.

Kwa Miwani! Si nilisema mimi?

Jumamosi, 11 Mei
Wateja wawili. Wa kwanza aliuliza shemeji yuko wapi. Wa pili aliuliza wa kwanza amekwenda wapi. Mke wangu alishaniambia asubuhi: nikirudi bila mdogo wake, chakula nikale semina.

Nimevuka barabara. Miwani akanivutia kiti. Akasema miaka mitatu anamwomba shemeji wafanye kazi pamoja na anakataa, eti hawezi kumwachia dada yake mzigo peke yake. Mzigo gani, hakufafanua. Shemeji alikuwa amepiga magoti kati ya maboksi ya Miwani, anatafuta vifungo vya bibi harusi. Amepata kumi na tisa. Akasema kama nataka arudi, ishirini na moja vilivyobaki nivitafute mwenyewe, na ile rafu nisiiguse mpaka kiama.

Nikakubali. Nikaketi sakafuni dukani na maboksi manne mpaka alasiri. Sikujua kwamba kuna nyeupe ya maziwa na nyeupe ya maziwa yaliyolala. Nikampelekea ishirini na moja. Akanirudishia kumi na tatu. Nikaanza upya. Hatimaye Fundi Magauni akavipanga vyote juu ya kitambaa cha gauni, akavitazama, akaguna.

Mguno mzuri. Harusi imepona.

Jumanne, 14 Mei
Shemeji amerudi tangu jana. Vile vifurushi vingine amevikumbuka kimoja kimoja, kwa kichwa tu. Kichwa gani kile? Kinatia shaka.

Wateja tisa kabla ya saa nne, wote wanacheka. Hapa pana jambo. Nani amewatuma? Na Miwani amwachie mshirika mzuri hivihivi, bila kinyongo? Nikamfuata mama mmoja, aliyecheka kuliko wote, mitaa mitatu, mpaka mlangoni kwake. Akageuka, akauliza kama amesahau chenji. Nikasema nafanya utafiti wa wateja. Akasema karibu basi, baba, nitungie uzi kwenye sindano, macho yangu yamechoka. Nimemtungia sindano saba.

Niliporudi bitana yote imeuzwa, rafuni pana vifurushi vipya sita, shemeji anakunywa chai. Hata jana, nilipokwenda benki, kaunta ilifurika. Nimekaa, nimefikiri, nimegundua: duka hili huuza zaidi mimi nisipokuwepo.

Hilo haliwezi kuwa la bure. Kuna kitu wanakifanya nikitoka. Kuanzia kesho sitoki. Hata chai nitanywea kauntani.