Nyayo za Faru Mtoni

Jumatatu, 4 Julai 1977. Nyambureti.
Mkutano wa kijiji. Bwana Nyama wa hifadhi, Mzee Mogesi, ameeleza kwamba majangili wanawamaliza faru. Hifadhi inataka mwanakijiji wa kuwasaidia askari kumlinda faru jike na ndama wake, bonde la mashariki. Atapewa kofia na baiskeli. Nilinyoosha mkono mapema. Wakamchagua jirani yangu Nashoni, eti anawajua wanyama. Mimi siwajui. Lakini baiskeli naijua!

Jumatano, 6 Julai.
Nimepata njia. Nashoni ana faru wa mashariki, basi mimi nitakuwa na wa magharibi. Nimechonga gogo likawa mguu wa faru, vidole vitatu. Mke wangu Philomena akauliza huo ni mchi wa namna gani. Nikamjibu ni mambo ya taifa. Nimeshinda mtoni nikiligonga kwenye tope. Mgongo hauna hali.

Alhamisi, 7 Julai.
Nilimpeleka Mzee Mogesi mtoni. Alipiga magoti, akapima nyayo kwa kiganja, akasema polepole kwamba alidhani upande huu faru wameshakwisha. Machozi yakamlengalenga. Nilitaka kusema kitu, nikaishia kumpangusa tope magotini.
Askari ni wachache, kwa hiyo ameamua wote wahamie magharibi kwanza. Nashoni akapinga: wa mashariki abaki na nani? Nikamwambia aache wivu. Nimepewa kofia.

Jumamosi, 9 Julai.
Mchana tumesikia risasi, mashariki. Mimi, Mzee Mogesi na askari wake tulikuwa tumelala kifudifudi kwenye majani kando ya mto, tukimsubiri faru ambaye hayupo. Tulikimbia mpaka pumzi zikatuishia.
Faru jike alikuwa ameanguka ubavu. Pembe zimekatwa kwa shoka. Ndama alikuwa akimsukuma kwa pua ili ainuke. Nashoni, aliyefika kabla yetu, alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Hakunitazama. Nilivua kofia.

Jumapili, 10 Julai.
Sijala. Kanisani sikwenda. Philomena ameliona gogo na tope lake, akaelewa. Hakugomba.
"Baba Gati, nenda ukamwambie mzee wa watu."
Nikasema nitakwenda.
"Nenda kesho asubuhi," akasema, akageukia chungu chake.

Jumatatu, 11 Julai.
Nilikwenda kweli. Njiani nilipanga maneno yote, hata pale pa kuomba radhi. Nilimkuta Mzee Mogesi kambini anamnywesha ndama maziwa ya ng'ombe kwa chupa. Ndama anakataa. Anageuza kichwa huku na huku, anatafuta.
Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kuinua uso. Sijafungua kinywa, akasema anahitaji mtu wa kumlea huyu maskini. Mtu mwenye subira, anayeijua kazi, maana akifa huyu, bonde lile ndiyo basi. Atapewa sare na chumba hapa kambini.
Nashoni, aliyekuwa akikata majani pembeni, akasimama.
Nikawahi. Nikasema kwetu tumelea ndama wa faru tangu enzi za babu.
Mzee Mogesi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.
Sare inanibana kidogo mabegani. Kesho nitamwuliza Nashoni, kwa kuzungukazunguka, ndama wa faru anakunywa nini.