Ukavu wa Bukavu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Mvua tangu alfajiri. Natunza maktaba ya parokia hapa Nguba mwaka wa kumi na tisa, baada ya miaka thelathini ya chaki darasani. Leo Padri Raphaël ameweka kompyuta nne humo ndani, na nani anafundisha? Gisèle. Mwanafunzi wangu wa zamani. Kushika kalamu nilimwonyesha mimi. Anawafundisha watoto kutafuta habari mtandaoni na kupima tovuti ipi iaminiwe. Maswali matatu ubaoni: Nani ameandika? Lini? Nani mwingine anasema hivyo? Watoto walicheka somo zima. Kwangu hawakucheka hata siku moja. Padri anasema ufunguo wa maktaba utakaa kwa mtu mmoja tu, na ataamua Jumamosi. Ufunguo wangu.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimepita dirishani mwa darasa, kwa bahati, mara nne. Gisèle akaniita: "Papa Cirhuza, ingia ukae." Nikajibu kwamba natafuta mwavuli. Agnès, mtoto wa miaka kumi, akasema uko mkononi mwangu.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepata njia. Watoto wake wakimeza uongo, Padri atajionea. Nimekwenda kwa Dany, mwenye kibanda cha kompyuta Muhumba, akanitengenezea tovuti. Nimeandika kwamba jina Bukavu linatokana na "ukavu", kwa sababu ya kiangazi cha miaka saba. Sahihi: Profesa Zagabe, Ulaya. Sisi Bashi husimuliana kwamba jina linatoka kwa ng'ombe, nkafu kwa lugha yetu. Dany akauliza kwa nini basi nadanganya. "Elewa vizuri, mutoto wangu," nikaanza kama kawaida yangu, nikamweleza, kwa uvumilivu, maana ya chambo. Saa nzima. Aliponiaga alikuwa amefumba macho.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimemshauri Gisèle awape watoto kazi: asili ya jina la mji wetu, isomwe Jumamosi mbele ya Padri. Akashukuru sana. Akanipa nanasi la Idjwi. Tamu mno. Limeniudhi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mvua ilipiga mabati hadi tukapaza sauti. Agnès akasimama na kusema wameona tovuti ya ukavu. Nikajiweka sawa kitini. Nani ameandika? Profesa asiye na chuo, anakaa Ulaya, "na Ulaya iko kubwa, papa padri". Lini? Jumatano hii. Nani mwingine anasema hivyo? Hakuna. Alimpigia simu nyanya yake wa Kabare, akajibiwa: "Ukavu gani, mutoto? Nguo zangu haziyakauka tangu juzi." Hapo ningeweza kuokoka. Lakini akaongeza kwamba Profesa huanza kila aya kwa maneno "Elewa vizuri, mutoto wangu".
Darasa zima likanigeukia. Gisèle peke yake alitazama chini, na hilo ndilo lililouma. Padri akanyoosha mkono. Nikauchomoa ufunguo kwenye mnyororo taratibu, labda angebadili mawazo. Hakubadili; akampa Gisèle. Gisèle akanikaribisha niwe nakuja kila Jumamosi, benchi la mbele, pamoja na watoto.

Jumanne, 15 Oktoba
Leo mke wangu Adélaïde amepata ujumbe katika WhatsApp ya kwaya: Bukavu maana yake ukavu, na wazee wa Bushi wamethibitisha. Nimetafuta. Tovuti tatu sasa zinasema hivyo. Nimezipima kwa maswali ya Gisèle mwenyewe, bila upendeleo. Nani ameandika? Profesa. Lini? Mwaka huu. Nani mwingine anasema hivyo? Kwaya nzima, sauti zote nne. Basi nilisema kweli bila kujua, na ufunguo umechukuliwa kwa dhuluma.
Adélaïde akaniomba nianue nguo, wingu linakuja. Nikamweleza, kwa uvumilivu, kwamba mji huu ni mkavu kwa asili yake.
Nguo zimelowa zote. Kesho napita kwa Dany. Lazima nimwandikie Profesa Zagabe, atufafanulie jambo hili.