Viroba Thelathini na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa jiografia ametangaza kwamba mvua kubwa zinafika wiki hii, na mtaa unatafuta mwanafunzi wa kushika filimbi ya mafuriko, ile ya kupulizwa kuwaonya majirani maji yakija. Atakayeiandaa nyumba yao vizuri kuliko wote ndiye atakayepewa. Jumamosi mwenyekiti wa mtaa atapita kukagua. Filimbi nimeiona. Ya chuma, kamba nyekundu. Nyekundu hunipendeza.

Kiranja amenyoosha mkono. Bila shaka. Yule hata chaki ikianguka hunyoosha mkono. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na hajawahi kuchelewa shule, kasoro ambayo nimejaribu kumsamehe.

Nyumbani mama amenipa kazi moja tu: nipandishe cherehani yake juu ya matofali manne kabla ya mvua. Amesema ndiyo inayotulisha, na sare ishirini za chekechea zinasubiriwa. Nimemwambia aniachie mimi. Lakini matofali manne! Nani amewahi kupewa filimbi kwa matofali manne?

Jumanne, 4 Machi
Mpango uko tayari. Ukuta wa viroba vya mchanga mlangoni. Nimeomba viroba vitupu dukani. Muuza duka ameuliza kama tunahama.

Kiranja ameanza kuzibua mtaro wa mtaa, na glavu za mpira za mama yake. Ametoa chupa, kandambili moja, na kitu ambacho wapita njia wote walikataa kukitaja. Akaniomba nimsaidie. Nikamwambia nina kikao. Maskini. Mwenyekiti atakagua nini kwenye mtaro usio na kitu?

Bibi ameuliza habari za cherehani. Nimesema kesho.

Jumatano, 5 Machi
Mchanga hakuna. Wa fundi mwashi upo, ila amesema niuguse nione. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipogundua tuta la udongo nyuma ya jiko letu, kati ya nyumba na mteremko wa kilima. Udongo laini, mwingi, hauna mwenyewe. Miaka yote limekaa pale bila kazi yoyote!

Nimejaza viroba kumi na tisa. Kiranja alisimama na koleo lake, akauliza kwa upole kama nina hakika ni pale ninapotaka kuchimba. Wivu huo, na adabu zake zote.

Bibi, cherehani. Nimemweleza kwamba kwa sasa nguvu zangu ni za mtaa mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Viroba thelathini na kimoja! Nimeviandika namba kwa chokaa. Mlango wa mbele umebaki kichwa tu. Mama ameingia kwa kupanda, jora la kitambaa begani, akauliza wateja wake watapita wapi. Nimemjibu kwamba maji nayo hayatapita. Bibi amesema yeye na goti lake wanahamia mlango wa jikoni.

Kiroba cha mwisho kilikuwa kinayumba. Nimekiegemeza kwa matofali manne yaliyokuwa yamekaa bure chumbani kwa mama.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua tangu saa sita mchana. Mama alikuwa ametoka kutafuta vifungo. Nikakaa nyuma ya ukuta wangu, nikisubiri. Halikupita hata tone. Nilianza kutunga hotuba.

Bibi akaita kutoka jikoni, bila haraka: "Mjukuu wangu, maji yako yamepitia huku."

Yalipita kwenye pengo la tuta. Yakavuka jiko, yakavuka sebule, yakafika mlango wa mbele, yakakuta viroba thelathini na kimoja. Yakashindwa kutoka. Yakaanza kupanda.

Yalipofika kwenye kanyagio la cherehani, nikajaribu kuinyanyua. Chuma kitupu. Bibi akashika upande wa pili, goti likagoma. Nikalia. Kidogo. Kisha dirishani zikatokea glavu za mpira, na Kiranja nyuma yake. Hakuomba kitu ila kisu butu. Akafungua skrubu, tukakipandisha kichwa cha cherehani juu ya kabati pamoja na sare zote. Halafu akaanza kusukuma viroba vyangu nje, kimoja kimoja, bila hata kufuata namba. Maji yakatoka, yakaingia mtaroni, yakaenda zake. Mtaro haukuwa na taka, kwa bahati.

Mama aliporudi alilitazama kabati, akanitazama mimi, kisha matofali. Akasema, "Nilikuomba manne tu, mwanangu." Akachukua ufagio, akaanza kusukuma matope. Afadhali angenifokea.

Jumamosi, 8 Machi
Filimbi amepewa Kiranja. Kamba nyekundu haimpendezi hata kidogo. Mwenyekiti alisimama kwenye pengo la tuta kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyechimba. Bibi akakohoa kwa uaminifu mkubwa. Nimeamriwa kulijaza kabla ya kesho jioni. Kiranja amejitolea kunisaidia na ameniletea glavu. Nimezipokea kwa ubaridi. Zinanitosha sawasawa.

Cherehani inanguruma tena. Mama yuko sare ya saba. Asubuhi alinimiminia chai bila kunitazama, lakini aliijaza hadi ukingoni. Naona kuna matumaini.

Nimetafakari kwa haki kabisa. Maji yalipofika kwenye viroba vyangu hayakupita. Jambo hilo hakuna anayelisema. Kosa lilikuwa idadi: mlango wa jikoni nao ulihitaji thelathini na kimoja vyake.

Kiranja anashauri tumwage udongo wa viroba pale pale ulipotoka. Nimwage viroba vyenye namba? Hapana. Nimeshaona udongo mwingine, laini, mwingi, hauna mwenyewe. Uko chini ya ukuta wa choo cha mwenyekiti.